Hata Kutembea Kuna Dozi

Watu wanaojua kwamba niliwahi kumeza dawa za akili na sasa sizimezi huniuliza jambo moja tu: ulitumia nini badala yake? Wanataka jina la kitu. Mti gani, chai gani, mchungaji yupi. Mimi huwauliza kwanza wanaugua nini na ni nani aliyewaambia hivyo, na hapo wengine hukasirika wakidhani nawazungusha.

Siwazungushi. Mimi niliugua sonona, ile ya kumkalisha mtu mbele ya rundo la daftari za insha za kidato cha tatu hadi saa sita usiku bila kusahihisha hata moja, kisha alie kwa sababu kalamu nyekundu imeisha wino. Daktari wa akili alinianzishia sertraline, kidonge cha sonona, nikaitumia kwa zaidi ya mwaka. Siisemi vibaya. Bila hiyo dawa nisingepata nguvu ya kutoka kitandani kutafuta hayo mengine ninayotaka kuyaeleza. Lakini mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwake dawa ndiyo nguzo. Lithiamu, dawa ya baipola, kwa mfano, ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Mtu huyo akisoma haya ayachukue kama nyongeza juu ya dawa zake, si badala yake.

Tena kabla ya yote, dai vipimo. Tezi ya shingo ikizembea humfanya mtu awe mzito, mwenye huzuni na usingizi usioisha, na hakuna maombi wala matembezi yatakayoiamsha. Upungufu wa damu nao humchosha mtu vivyo hivyo. Hospitali ya kwanza niliyoingia ilinipa vidonge vya usingizi bila kunipima chochote. Ya pili ilinitoa damu kwanza. Hiyo ya pili ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa hoja yangu. Kutembea, kulala, kuzungumza na kula vizuri, watu huyachukulia kama maneno ya shangazi: ukipata nafasi fanya, usipopata basi. Kidonge hawakifanyii hivyo. Kidonge kina miligramu, kina saa yake, kina tarehe ya kurudi kliniki. Mambo haya mengine yalinifaa pale tu nilipoyapa heshima hiyohiyo: kipimo, saa, muda, na mtu wa kuniuliza kama nimetimiza.

Chukua kutembea. Mwaka 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 kwenda juu. Kundi moja lilipewa mazoezi, la pili sertraline, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ya makundi yote ilikuwa inakaribiana, ingawa waliomeza dawa walianza kuiona mapema zaidi. Wengi huishia kusoma hapo, wakashangilia. Hawaangalii kwamba wale wa mazoezi walikuja mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa kasi ya kupandisha mapigo ya moyo, tena chini ya usimamizi. Si kutoka Kondele hadi soko la Kibuye, hapa kwetu Kisumu, kununua sukuma huku unasimama kila hatua kusalimia watu.

Msimamizi wangu alikuwa wifi yangu, anayenunua samaki ufuoni Dunga. Saa kumi na moja unusu alfajiri alikuwa ameshagonga dirisha: "Nyar Maragoli (yaani binti wa Maragoli), viatu!" Hakuniuliza nimeamkaje, wala kama nimeomba. Siku nilizogoma alisema tu, "Basi nisindikize hadi langoni." Na mtu akishafika langoni, viatu tayari viko miguuni. Tulikaza mwendo kutoka Nyalenda hadi ziwani, yeye na karai lake kichwani, mimi nikihema nyuma yake. Akianza kuvutana bei ya mbuta na wavuvi, mimi nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, omena zimeanikwa kwenye nyavu kila upande, jua linachomoza, nikisikiliza matusi ya Kijaluo ambayo sikuwahi kufundishwa ukweni. Majuma ya kwanza sikuhisi lolote ila maumivu ya nyonga. Sonona haina haraka ya kuondoka, na anayetembea siku tatu kisha akasema mazoezi hayamsaidii ni sawa na aliyemeza vidonge vitatu akavitupa.

Jua hilo la asubuhi lina kazi nyingine pia, kwa maana mwanga wa alfajiri machoni ndio unaouambia mwili saa ngapi ni mchana, na hivyo saa ngapi usingizi uje. Kuhusu usingizi sitasema mengi. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulilala saa tisa. Kitanda kiwe cha kulalia. Ukikaa macho kwa muda mrefu unagaagaa, inuka, kaa kwenye kiti na mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Chai ya majani ya saa mbili usiku iache, na muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, usiuguse. Mwenye baipola asijinyime usingizi kwa jaribio la aina yoyote, kwa sababu usiku mmoja wa kukesha unaweza kumpandisha hadi kwenye msisimko wa kupita kiasi.

Pombe nayo nitaipitia upesi. Inakulaza saa nne na kukuamsha saa nane na moyo unadunda. Ila aliyezoea chang'aa ya kila siku asiiache kwa siku moja peke yake nyumbani, maana anaweza kupata degedege. Aende hospitali asaidiwe.

Lililoniinua zaidi ya yote ni kuzungumza, na hapa sina maana ya kumwaga machozi kwa rafiki yako. Kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulikia uhusiano wa mtu na watu wake. Huuliza sonona ilishika pale palipotokea nini: msiba, ugomvi usioisha, badiliko kubwa la maisha, au upweke. Ukishachagua moja unalishughulikia hilo kwa muda uliopangwa. Imejaribiwa jirani na kwetu: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, ambako vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, viongozi wakiwa watu wa huko huko, wala si madaktari. Sonona ilipungua sana. Hapa Kisumu penyewe kumefanyika utafiti uliowapanga wagonjwa wa sonona na kiwewe katika hospitali za umma, wengine wakaanzishiwa fluoxetine, dawa nyingine ya sonona, wengine tiba hii ya mazungumzo. Na kule Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, vikao sita vya kutatua tatizo moja moja. Utafiti wa watu 573 ukachapishwa mwaka 2016 kuonyesha kwamba ilifaa. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa wanasaikolojia ni wa bei na wanapatikana mjini tu. Ulizia kliniki ya karibu kama kuna muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa kazi hii.

Kikundi changu kilikaa katika ukumbi wa kanisa huko Manyatta, viti vya plastiki vimepangwa mviringo, kiongozi wetu muuguzi tuliyemwita Sista ingawa ana wajukuu. Alinitaka nieleze kifo cha mama yangu. Nikaeleza vizuri sana, kimwalimu: michango ya WhatsApp, hema lililochelewa, ng'ombe aliyetolewa na wajomba, spika zilizokesha, wageni waliolala sebuleni. Sista akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, umeniambia ya matanga," akasema. "Mama mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemzika mama katikati ya kamati, sikupata kumlilia. Vikao vilivyofuata vilikuwa vya mama tu: alivyokuwa akichuja uji mara mbili, alivyokuwa mkali, mambo aliyonikosea, ambayo kwetu hayasemwi juu ya maiti. Niliyasema mbele ya watu wazima saba, na hakuna aliyenikemea. Kidonge kilikuwa kimenipa utulivu wa kuweza kukaa kwenye kile kiti. Kumlilia mama ilibaki kazi yangu.

Chakula sitakikuza kupita kiasi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017, watu 67 tu, uliwapa wagonjwa wa sonona mwongozo wa kula kwa wiki 12: samaki, kunde na dengu, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, mafuta mazuri. Walipata nafuu kuliko waliopewa mtu wa kupiga naye gumzo, ila wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu. Mimi nikacheka niliposoma, maana omena, osuga (mnavu) na ugali wa wimbi ndivyo alivyokula mama mkwe maisha yake yote, sisi tukamwachia tukakimbilia chipsi.

Mitishamba ndiyo inayonitia hofu, na si kwa sababu haifanyi kazi. Inafanya. Mmea wa rauvolfia wa India uliwapa wanasayansi reserpini mwaka 1952, dawa iliyotumika hospitalini kutuliza wagonjwa wa akili na kushusha presha. Shida ni kwamba kwenye kikombe cha mganga hujui umekunywa kiasi gani, na yeye hajui unameza nini kingine. Siku hizi pia kuna vidonge vya ua liitwalo St. John's wort vinavyouzwa mitandaoni kama "dawa asilia ya huzuni". Ua hilo linaweza kusaidia sonona isiyo kali. Ukilichanganya na sertraline au fluoxetine unaweza kuingia katika hali ya hatari, mwili ukitetemeka na kupata joto kali. Hupunguza pia nguvu ya baadhi ya ARV na ya vidonge vya kupanga uzazi, jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Mfuko wowote wa majani unaotumia, upeleke kliniki wauone.

Maombi? Mimi naomba, na kwaya ilinipa sababu ya kuoga siku za Jumatano. Ila mchungaji anayekutaka uweke vidonge madhabahuni kama ushahidi wa imani, mkimbie. Binamu yangu alitii, akarudishwa wodini kabla ya Krismasi, na aliyemwombea hakuja kumwona.

Sasa kupunguza dawa, kwa wale ambao daktari amekubali. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtu wa sonona aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha. Aliyewahi kurudiwa mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi, pengine miaka. Mimi nilipofika hapo nilichagua na daktari majira tulivu, katikati ya muhula wa pili, mbali na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mbali na kumbukumbu ya mazishi. Tembe nilizikata kwa wembe mpya juu ya sahani iliyogeuzwa, na unga uliobaki niliukusanya kwa kidole kilicholowa. Baadaye duka la dawa liliniuzia kikatio cha plastiki. Kapsuli hazikatwi hivyo, kwa hiyo mtumiaji wa fluoxetine aulize namna yake.

Watu husema, nimetoka miligramu 100 hadi 50 bila shida, nusu iliyobaki nitaiacha wiki hii. Hapo ndipo wanapoanguka. Mark Horowitz na David Taylor walieleza mwaka 2019 kwamba dozi ndogo ya dawa hizi bado inashika sehemu kubwa ya ubongo inayolengwa, kwa hiyo hatua ya kutoka 25 hadi sufuri ni ndefu kuliko ya kutoka 100 hadi 75, hata kama kwenye karatasi zinalingana. Hatua za mwisho ziwe ndogo zaidi na za pole zaidi. Ukiona siku chache baada ya kupunguza unapata kizunguzungu, ndoto za ajabu, au kitu kama umeme unaopita kichwani ukigeuza macho, hayo huwa ni mwili kudai dawa. Sonona yenyewe hurudi polepole, kwa majuma, wala haina umeme. Mwambie daktari, urudi dozi ya nyuma, utulie, kisha ujaribu hatua fupi zaidi. Na vidonge vya jamii ya diazepam usivikate mwenyewe hata kidogo, kwa sababu navyo vikiachwa ghafla huleta degedege.

Mume wangu anayo karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la vyombo. Tuliiandika pamoja na Sista kabla sijapunguza hata robo ya tembe. Ina dalili zangu mimi, si za vitabuni: nikiacha kusahihisha, nikianza kumwambia wifi aende peke yake, nikikosa kwaya bila sababu. Zikionekana mbili kwa wiki mbili, yeye ndiye anayepiga simu kliniki, haningoji mimi niseme niko sawa, kwa maana nitasema niko sawa. Nikitaja kufa, hangoji wiki wala siku, ni hospitali saa hiyohiyo. Namba ya kliniki iko juu ya karatasi, na chini yake 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haikukati hata shilingi.