Vishikwambi vitano, wanafunzi 60: kuandika pamoja mtandaoni

SWALI

Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili darasa la tano katika shule ya msingi hapa Tanga mjini. Walimu wenzangu wanne wamekubali kuniazima vishikwambi vyao, vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu, hivyo pamoja na changu vipo vitano kwa wanafunzi 60. Nilifungua waraka mmoja katika Google Docs ili waandike kwa pamoja insha ya likizo. Haukupita muda mrefu, aya ya mtoto mmoja ikafutwa na mwenzake, na wengine wakawa wanagombania kifaa. Je, watoto wa umri huu wanaiweza kazi ya namna hii? Wazazi nao wanauliza iwapo watoto wao wanafunguliwa akaunti, na bando linanitoka mfukoni.

Mwalimu, Makorora, Tanga

JIBU

Mwalimu, pokea salamu zetu. Wanaiweza, lakini si kwa insha ya likizo. Likizo ni ya mtu mmoja, na mtoto hana sababu ya kumwachia mwenzake aiandike. Kazi ya kuandika pamoja iwe kama kukokota juya, ambalo mtu mmoja hawezi kulivuta peke yake hadi ufukweni.

Mkoa wako una mada ya namna hiyo: mkonge. Kundi moja lieleze jinsi Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, alivyouleta mwaka 1893, miche ikitoka Florida kupitia Hamburg, na ikafika hai 62 tu. Kundi la pili lifuate jani tangu linapokatwa shambani, linapopita kwenye korona (mashine ya kuchakata mkonge), hadi linapokuwa singa zilizoanikwa juani. La tatu liwaulize wazee waliowahi kufanya kazi mashambani, au waliosimuliwa na baba zao habari za manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba hayo. La nne lichunguze kamba, mazulia na bidhaa nyingine, na la tano liandike utangulizi, jambo litakalolilazimu kusoma kazi za makundi yote. Kwa kuwa wanafunzi 12 hawawezi kukizunguka kishikwambi kimoja wote wakakiona, watatu wakae nacho (mmoja akiandika, mmoja akisoma kwa sauti, mmoja akikagua tahajia) huku wengine wakitayarisha sentensi kwenye madaftari, kisha wapishane.

Suala la kufutiana ndilo zito, na kwa maoni yangu halitokani na kishikwambi. Watoto wetu wamezoea kuandika peke yao na kusahihishwa na mwalimu peke yake, basi hawajapata kufundishwa namna ya kuigusa kazi ya mwenzao. Tumia kipindi kizima bila kifaa chochote: kila kundi liandike aya moja kwenye karatasi ya manila, kisha karatasi zibadilishwe, na kundi linalopokea lisiruhusiwe kukata neno hata moja, bali liandike pembeni kwa penseli swali au pendekezo. Wenye aya ndio watakaoamua kukubali au kukataa, na wakikataa watoe sababu mbele ya darasa. Mabishano yatakayozuka hapo ni somo la Kiswahili lenyewe, usiyakatishe mapema.

Ukirudi kwenye Google Docs, utaratibu huohuo unawezekana. Mwenye waraka anaweza kutoa ruhusa ya aina tatu: kusoma tu, kutoa maoni, au kuhariri. Ruhusa hiyo huhusu waraka mzima wala si aya moja, kwa hiyo anza na nyaraka tano, kila kundi likihariri wa kwake na kutoa maoni tu katika za wenzao. Aliyepewa ruhusa ya maoni anaweza pia kupendekeza badiliko, nalo huonekana kwa rangi likisubiri mwenye ruhusa ya kuhariri alikubali au alikatae. Baada ya wiki chache unganisheni zote kuwa waraka mmoja.

Aya iliyofutwa, kwa bahati nzuri, haikupotea. Fungua historia ya matoleo ya waraka huo, chagua toleo la kabla ya kufutwa, urudishe. Ila usitumie kiungo kilicho wazi kwa kila mtu, kwa sababu anayeingia bila akaunti huonekana kwa jina la mnyama tu, na hutajua ni kundi lipi lililofanya nini.

Wazazi wana haki ya kuuliza. Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti bila usimamizi wa mzazi, na kazi yako haihitaji akaunti ya mtoto. Kila kishikwambi kitumie akaunti ya kazi iliyofunguliwa na mwalimu, iliyo mbali na barua pepe na picha zake binafsi. Waandikie wazazi barua fupi kupitia kwa mwalimu mkuu, ukieleza kwamba hakuna picha, namba za simu wala majina kamili ya watoto yatakayowekwa humo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, tahadhari hiyo si hisani tena.

Kuhusu bando, maandishi matupu hula kidogo sana. Zinazolimaliza ni picha, video na programu zinazojisasisha zenyewe, hivyo zima usasishaji huo kabla ya kipindi. Waraka unaweza pia kuwekwa upatikane bila mtandao, watoto wakaandika, na mabadiliko yakapanda utakapounganisha jioni. Shule ikiwa na kompyuta moja na ruta, ipo programu ya bure iitwayo Etherpad, ambayo husimikwa kwenye kompyuta hiyo na kutumika ndani ya shule bila intaneti kabisa, kila mwandishi akiwa na rangi yake. Kuisimika kunahitaji fundi anayeijua kazi, lakini baada ya hapo hutanunua bando kwa ajili ya kipindi hicho.