Mfereji wa mwanga ndani ya fuwele

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi fundi wa fiba, Uyole, Mbeya. Mwanga unapitishwaje ndani ya fuwele bila kutoboa tundu?

JIBU: Marahaba, fundi. Fuwele ya lithiamu niobeti hufunikwa kwa utando wa chuma wenye mwanya mwembamba, kisha huzamishwa kwenye asidi ya benzoiki iliyoyeyuka, nyuzi joto 200 hivi. Penye mwanya, ioni (chembe zenye chaji) za lithiamu hutoka, za haidrojeni zikashika nafasi. Hapo mwanga hupunguza mwendo, ukanaswa kama kwenye kiini cha fiba yako. Ila ni mwanga ule unaotetema katika mwelekeo mmoja tu. Mwisho fuwele huokwa, la sivyo mwanga mwingi hupotea njiani.

Usijaribu jikoni! Niliyeyusha asidi hiyo kidogo maabara ya shule, Iringa, madirisha nimefunga kwa baridi ya Juni. Nilikohoa hadi jioni.