Klasi moja, Paybill mbili: pesa ya Kondele inaingia Nakuru

SWALI: Habari mkuu. Niko Kisumu, nimetengenezea mzee mmoja wa spea za magari mfumo wa malipo kwa C#. Ana duka Kondele hapa Kisumu na lingine Nakuru, kila moja na Paybill yake (namba ya M-Pesa ya kupokea malipo). Nimeregista klasi ya malipo mara mbili kwa kontena (ile sehemu ya .NET inayotengeneza vitu na kuvigawa kwa klasi zinazovihitaji), kila mara na setingi zake, lakini mteja wa Kondele akilipa pesa inaingia Nakuru. Nikopi tu klasi ziwe mbili?

JIBU: Usikopi ndugu yangu. Ukikopi, mwezi ujao utarekebisha kosa kwa moja usahau ile nyingine, na mzee akifungua duka Kakamega utakuwa na tatu.

Kontena ya .NET haijakosea. Ukiregista intafesi ileile (hapa ni IMalipo, ile klasi ya Malipo inatimiza) mara mbili alafu konstrakta, yaani sehemu inayojenga klasi, iitishe moja, unapewa ile uliregista mwisho, na naona Nakuru ndo uliweka mwisho. Ile ya kwanza haijafutika, ungeitisha IEnumerable, yaani orodha, ungezipata zote mbili, ila hazina majina sasa kontena itajuaje unataka gani?

Kwa hivo zipe majina. Tangu .NET 8, iliyotoka Novemba 2023, kuna njia ya kuregista kwa ufunguo:

services.Configure<Setingi>("kisumu", config.GetSection("Malipo:Kisumu"));
services.AddKeyedSingleton<IMalipo>("kisumu", (sp, k) => new Malipo(sp.GetRequiredService<IOptionsMonitor<Setingi>>().Get("kisumu")));

Rudia hizo mbili kwa "nakuru". Alafu kwa konstrakta ya yule anayetumia unaweka [FromKeyedServices("kisumu")] mbele ya IMalipo, basi. Klasi ya Malipo yenyewe isijue kuna Kisumu wala Nakuru, ipewe setingi zake ifanye kazi, ukiona umeanza kuandika "if duka ni Kondele" ndani yake jua umepotea njia.

Lakini kama duka linajulikana tu ombi likifika, mfano keshia ametuma namba ya tawi, hiyo atributi (ile ya mabano ya mraba) haitakusaidia, hapo tengeneza klasi ndogo moja ya kuchagua, inapokea jina la tawi inaita GetRequiredKeyedService, na ni hiyo peke yake iguse kontena.

Sasa kuna mahali watu huumia. IOptions ya kawaida haijui majina, itakupa ile isiyo na jina. IOptionsSnapshot inajua majina lakini ni ya skopu (huishi kwa ombi moja tu), ukiiweka ndani ya singletoni (kitu kimoja cha programu nzima) haifai, ndo maana nimetumia IOptionsMonitor. Na majina yanaangalia herufi kubwa na ndogo! Ukiita Get("Kisumu") na uliregista "kisumu" hautapata kosa lolote, utapewa setingi tupu, na utakaa hapo saa nzima ukilaumu Safaricom. Weka Validate ya kuangalia shotikodi (namba ya Paybill) pamoja na ValidateOnStart kwa kila jina, ili programu ikatae kuwaka kama shotikodi haiko, ila kosa la herufi kwa Get haitalishika.

Kingine nakuomba uangalie sai kabla hujalala: tokeni ya Daraja (kibali cha muda cha kuingia kwa API ya M-Pesa ya Safaricom) unaiweka wapi? Inaishi kama saa moja hivi kwa hivo wengi huihifadhi, na mimi mwenyewe niliwahi kuihifadhi kwa fildi ya static kwa kazi ya Sacco moja yenye akaunti mbili. Static ni ya klasi nzima, sio ya kila instansi (kila kitu kilichojengwa kutoka kwa klasi), sasa akaunti moja ikawa inatumia tokeni ya nyingine na maombi yanakataliwa, alafu baada ya muda yanakubali, alafu yanakataliwa tena. Nilikesha na hiyo siku mbili. Toa neno static, kila instansi ibebe tokeni yake.

Ukimaliza, andika kwa logi shotikodi kila unapotuma STK push (ombi la malipo linalotokea kwa simu ya mteja aweke PIN), ulipe shilingi 1 ukiwa Kondele na shilingi 1 kwa duka la Nakuru, uangalie zile meseji mbili za M-Pesa jina la duka ni gani. Kama bado zinaingiliana nitumie hizo laini za kuregista tuangalie pamoja, ila ficha passkey (ile siri ya Paybill).