Maswali na Majibu: Kodi ya Majengo na Mapato ya Miji

Nyumba nimeijenga kwa fedha ambazo tayari zilikatwa kodi ya mapato. Kwa nini nilipe tena kila mwaka?

Kinachotozwa ni thamani ambayo nyumba inaendelea kuwa nayo kwa kuwa imesimama mjini. Nyumba hiyo hiyo ingejengwa mbali na barabara, bomba la maji na mtaro, isingekuwa na bei hiyo, na tofauti ya bei imeletwa kwa sehemu kubwa na kazi ya mji mzima. Hoja hii ilitetewa kwa nguvu na Henry George, mwandishi wa masuala ya uchumi wa Marekani, mwaka 1879. Yeye alitaka ardhi itozwe na jengo liachwe, ili anayejenga asiadhibiwe kwa kujenga, wala anayehodhi kiwanja kitupu akingoja bei ipande asipate nafuu. Estonia inatoza ardhi peke yake. Naiona hoja hiyo kuwa na uzito, ingawa pale ambapo viwanja vitupu haviuzwi mara kwa mara, mthamini hupata shida kutenga bei ya ardhi na ya jengo lililo juu yake.

Jirani yangu ana nyumba kama yangu lakini analipa pungufu. Inawezekanaje?

Swali hili linagusa kiini cha kodi yenyewe, kwa sababu mlipakodi anaweza kuvumilia kiwango kikubwa kuliko anavyoweza kuvumilia upendeleo. Chanzo cha kwanza cha tofauti hiyo ni daftari la uthamini lililozeeka: mitaa iliyopanda bei hubaki na thamani za zamani, na mzigo huwaelemea wale ambao mitaa yao imedorora. Hata huko England, nchini Uingereza, madaraja ya kodi ya nyumba bado yanafuata bei za Aprili 1991. Chanzo cha pili ni sheria. Huko California, wapiga kura waliamua mwaka 1978 kwamba kodi ya msingi isizidi asilimia 1 ya thamani, na kwamba thamani inayotozwa isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Ndiyo maana aliyenunua zamani hulipa kidogo sana kuliko aliyenunua juzi, hata kama nyumba zao zinapakana.

Kuna wanaodai kwamba mji usio na wathamini wa kutosha hauna la kufanya. Sikubaliani nao. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 ilianza kutumia picha za satelaiti na kuyapa majengo pointi kwa kuangalia mambo yanayoonekana, kama vile ukubwa, vifaa vya ujenzi na mahali jengo lilipo. Makadirio ya namna hiyo hayalingani na uthamini kamili, lakini mwenye nyumba anaweza kuyaelewa na kuyakatia rufaa, jambo ambalo kwangu ni muhimu kuliko usahihi wa senti ya mwisho.

Mama yangu ni mjane mstaafu. Nyumba yake ina thamani kubwa, ila fedha hana.

Malalamiko yake ni ya haki. Dawa nzuri kuliko msamaha wa jumla, ambao huwafaidi hata matajiri, ni kuahirisha malipo: deni huandikwa dhidi ya nyumba na kulipwa inapouzwa au kurithiwa.

Kwa nini serikali kuu isiipe miji ruzuku tu, tukaachana na usumbufu huu?

Ruzuku huja na masharti, na inaweza kuchelewa au kupunguzwa bila mji kuulizwa, ilhali taka huzolewa kila siku. Kodi ya majengo hutabirika kwa kuwa nyumba haihamishwi, na humfanya diwani awajibike kwa watu wanaolipia huduma. Hata hivyo, mji wenye nyumba za thamani ndogo, hata ukikusanya kwa bidii yote, hautapata za kutosha kwa shule na mitaro yake. Huko ruzuku haina mbadala, mradi ipimwe kwa uwezo wa mji wa kukusanya, ili isiwe zawadi kwa mji uliozembea.