Tiba kwa vitendo si kukanda viungo

Mdogo wangu wa Wete, Pemba, umeuliza kama usomee tiba kwa vitendo (occupational therapy), na baba anasema ni kukanda watu tu. Mpe mfano huu. Bibi kapata kiharusi, mkono mmoja umelala. Wewe utamfundisha kukuna nazi kwa mkono uliobaki, mbuzi ikiwa imebanwa isicheze, kuvaa buibui lake, kujitawaza bila kumwita mjukuu. (Hilo la mwisho ndilo wagonjwa wanalolilia zaidi, ila hawalisemi.) Mtoto mwenye mtindio wa ubongo utamtengenezea kiti akae darasani na wenzake.

Bahari utavuka: fani hii inafundishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Chukua sweta. Matokeo ya Biolojia, Kemia na Fizikia ndiyo ya kuyatazama kwanza. Na usidhani ni vitabu vitupu. Shirikisho la dunia la fani hii linataka mwanafunzi apate saa zisizopungua 1,000 za kujifunza kazi kwa wagonjwa.

Kabla hujajaza fomu, omba ukae siku mbili tatu kitengo cha mazoezi ya viungo hospitalini. Tazama mgonjwa akihangaika na kifungo kimoja cha shati dakika kumi. Ukiona mikono inakuwasha umfungie, kaa utazame tena kesho: kazi yako ni kumfundisha ajifunge mwenyewe.