Onyo la 1202 lisiloisha kwenye seva

Ndugu, umesema seva ya duka lenu hapo Goma inaandika onyo la SceCli (sehemu ya Windows inayotekeleza sera za usalama) namba 1202, msimbo 0x534, kila baada ya dakika chache. Si virusi, na kuzima na kuwasha hakutasaidia. Sera ya usalama inataja akaunti ambayo seva haiioni: mtumiaji aliyefutwa, aliyebadilishwa jina, au jina lililoandikwa vibaya. Seva inayosimamia domeni (mtandao wa kompyuta zenye akaunti na sera za pamoja) husoma sera upya kila dakika 5, ndiyo maana onyo halichoki.

Fungua faili C:\Windows\security\logs\winlogon.log. Kwenye Windows ya Kiingereza tafuta “Cannot find”. Jina linalofuata ndilo lenye kosa. Kisha endesha rsop.msc, chombo kinachoonyesha sera zinazotumika, uangalie User Rights Assignment (haki za watumiaji) na Restricted Groups (makundi yaliyodhibitiwa). Msalaba mwekundu unaonyesha mahali, na pembeni utaona sera inayohusika. Ndani ya sera hiyo ondoa au sahihisha jina hilo tu, usifute sera nzima! Halafu endesha amri gpupdate /force ili sera isomwe upya.

Huku kwetu kuna mtego mwingine: Windows ya Kifaransa ina kundi Administrateurs, si Administrators. Sera iliyonakiliwa kutoka seva ya Kiingereza, ikiwa inataja kundi hilo kwa jina lake la Kiingereza, inaweza kuleta onyo hilohilo.