Dereva Alikuwa Amelewa: Je, Kampuni ya Bima Inaweza Kukataa Kunilipa?

SWALI: Kwako wakili, salamu. Mume wangu alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Usiku wa Krismasi, akirudi nyumbani baada ya kumfikisha abiria, aligongwa na gari la kibinafsi karibu na Sachangwan, akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Walioshuhudia wanasema gari lilikuwa likiyumba tangu mbali, na dereva aliposhuka alishindwa hata kusimama. Gari ni la mwajiri wake, aliyemtuma kumpeleka mgeni Eldoret. Kampuni ya bima imeniambia kwa simu kwamba haitalipa chochote kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Jamaa za dereva nao wameniletea shilingi 150,000 na karatasi ya kutia sahihi, wakisema kwamba nikikubali kesi itakwisha. Polisi wananiambia ningoje kesi ya trafiki imalizike. Nina watoto watatu. Nifanye nini?
Mjane, Molo

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na hiyo karatasi kwa sababu ndiyo hatari iliyo karibu nawe zaidi. Usiitie sahihi. Yaelekea imeandikwa kwamba umepokea fidia yote na huna dai jingine, na ukishaikubali, wakili wa upande wa pili ataitoa mahakamani siku utakapodai haki ya watoto wako. Wakitaka kuchangia mazishi, na wachangie, lakini muandikiane wazi kwamba ni mchango wa mazishi tu. Wala si kweli kwamba kesi itakwisha ukikubali. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo au kwa namna ya hatari ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, ambacho adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 10, na mwenye mashtaka hayo ni Serikali, si wewe wala wao.

Kuhusu bima, uliyoambiwa kwa simu hayana msingi. Sheria ya bima ya mtu wa tatu (yaani yule asiye kampuni wala mteja wake, kama mume wako), Sura ya 405, inasema kwamba masharti ya bima yanayohusu hali ya mwili au ya akili ya dereva hayawezi kutumiwa kumnyima haki mtu wa tatu aliyeumia au kuuawa. Sharti la ulevi ni jambo baina ya kampuni na mteja wake: kampuni italipa hukumu utakayopata, kisha ikitaka imdai mteja wake irudishiwe. Kiwango ambacho kampuni inalazimika kulipa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3, na kinachozidi hapo hudaiwa dereva na mwenye gari. Hakikisha wakili wako anaipelekea kampuni notisi ya maandishi kabla ya kufungua kesi, maana notisi ikikosekana, kampuni hupata mwanya wa kukwepa.

Mwenye gari naye ashtakiwe pamoja na dereva. Kwa kuwa ndiye aliyemtuma, anawajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake aliyekuwa kazini. Ingekuwa dereva amelichukua gari kwenda kwenye starehe zake, mwajiri angekuwa na la kujitetea.

Usingoje kesi ya trafiki. Dereva akihukumiwa itakusaidia sana, kwa kuwa chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili wa kosa lake. Lakini kesi ya madai ina muda wake, miaka 3 tangu siku ya kifo, na nimeona wajane wakiupoteza huku wakihudhuria kesi inayoahirishwa kila mwezi. Omba kwanza mahakamani barua za usimamizi wa mirathi, zinazokupa mamlaka ya kumwakilisha marehemu, hata zile za kufungulia kesi pekee, ili udai kwa niaba yako, ya watoto, na ya wazazi wake kama aliwatunza. Chukua abstrakti ya polisi, yaani fomu yao ya maelezo ya ajali, ripoti ya upasuaji wa maiti na risiti zote, pamoja na rekodi za M-Pesa zinazoonyesha mapato yake. Andika pia majina na simu za walioliona gari likiyumba, kwa kuwa kosa la ulevi katika kifungu cha 44 linahusu kushindwa kulidhibiti gari, na macho ya mashahidi hao yana uzito. Tarajia kuulizwa kama marehemu alivaa helmeti na kama taa ya pikipiki ilikuwa ikiwaka, kwani mahakama inaweza kupunguza fidia ikiona naye alichangia.

SWALI: Nilivunjika mguu katika gari la rafiki tuliyekuwa tukinywa naye siku ya mwaka mpya. Naweza kumdai?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Unaweza, lakini ulipanda ukijua amelewa, na mahakama itakubebesha sehemu ya lawama. Isitoshe, bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, haihusu abiria wa gari la kibinafsi asiyelipa nauli wala asiyesafirishwa kikazi. Mwombe rafiki yako hati yake ya bima mapema, muone kama alilipia ulinzi wa abiria.